Sista wa Mabusha na Baba Mkwe Wangu

Kwa miaka minne baba mkwe wangu alitembea na busha ambalo lingeondolewa kwa asubuhi moja, na sababu ya kutoliondoa nilikuwa mimi. Sikumkosea neno. Kosa langu lilikuwa kumwoa binti yake, halafu nikapangiwa kazi ya uuguzi kwenye wodi ya wanaume, hapa Korogwe. Wanaume wenzake wa kijijini kwake Mnyuzi waliokuwa na shida kama yake walipita mikononi mwetu, wakapona, wakaenda zao. Yeye akagoma. "Nikavuliwe nguo mbele ya mkwe?" alimwambia mke wangu, Zaina. "Bora nife nalo." Na haki alikuwa nayo. Mkwe wako ukimwamkia unatazama chini, sembuse kwenda kumtazama huko.

Aliyetutoa kwenye mkwamo huo alikuwa mkuu wa wodi yetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, ambaye kuanzia Korogwe mpaka Handeni aliitwa Sista tu. Mwaka wake wa kuzaliwa sitautaja, kwa sababu alikuwa akiubadili kila anapoulizwa. Ukoo wake pia siujui vizuri. Ninachojua ni kwamba babu yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, na kwamba huo Unyamwezi, ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuukanyaga, ndio uliokuwa dawa yake ya kwanza.

Wanyamwezi na Wazigua ni watani. Mtani anaweza kukutukana msibani na ukacheka. Anaweza kuingia jikoni kwako akajipakulia nyama. Ukikasirika, aibu ni yako. Sista aliuchukua utani huo akauingiza wodini, na nilishuhudia ukifanya kazi ambayo sindano haifanyi.

Siku yangu ya kwanza alikuja mzee mmoja kutoka Handeni. Jua lilikuwa kali, lakini yeye alikuwa amevaa koti refu la mvua lililofungwa vifungo vyote.

"Unaumwa nini, mtani?" Sista akamuuliza.

"Kichwa, Sista. Kichwa na mgongo."

"Na hicho kichwa ndicho umekivalisha koti la mvua kiangazi hiki? Nyie Wazigua, bwana! Babu zenu walificha mahindi wakati wa njaa, wajukuu nao mmeona mfiche hili? Litakuja kuota, utuambie tuvune!"

Mzee alijikaza. Akatazama dirishani. Mabega yake yakaanza kutikisika, kisha akaangua kicheko, na wagonjwa wa vitanda vya jirani nao wakacheka. "Wewe Mnyamwezi ni mtu mbaya sana," akasema huku akijifuta machozi. "Mbaya ndiyo. Haya, lala," Sista akajibu. Koti alikuwa ameshalivua mwenyewe.

Mimi ni Msambaa wa Kerenge, na nilikuwa nimetoka chuoni na daftari langu safi. Tulifundishwa kumweleza mgonjwa utaratibu, kumwomba ridhaa, kumlindia faragha. Nilidhani mama huyu hajui lolote kati ya hayo. Kumbe alikuwa anayafanya yote, ila baada ya kicheko. Mzee yule alielezwa taratibu, kwa sauti ya chini, kila kitu kitakachofanyika na kwa nini. Aliulizwa kama anakubali. Pazia lilivutwa na kubanwa kwa vibanio vya nguo, vinne, ambavyo Sista alivinunua mwenyewe kwa sababu pazia letu lilikuwa na tabia ya kufunguka feni ikiwaka. Ndugu mmoja alipochungulia, Sista alimfokea mpaka yule bwana akasahau alimfuata nani pale.

Alikuwa na chupa ya chai isiyo na chai. Ilikaa kwenye kitoroli karibu na glavu, imejaa maji ya moto. Kabla ya kumgusa mgonjwa alijimiminia kwenye beseni, akachanganya na ya baridi, akaloweka mikono mpaka ipate joto. "Mwanamume haogopi kisu," alikuwa akiniambia. "Anaogopa mkono baridi." Nilimcheka. Leo mimi ndiye ninayejaza hiyo chupa kila asubuhi.

Kuwapata wagonjwa kulikuwa ufundi wake mwingine. Tulipokwenda vijijini kutoa elimu hakuuliza kamwe nani anaumwa. Ukiuliza hivyo, wanaume wote ni wazima. Yeye aliuliza, "Hivi hapa, nani ameacha kupanda baiskeli miaka hii?" Wanawake wakaanza kugongana viwiko. Baba mmoja akasema baiskeli yake imepasuka mpira. "Tangu lini?" "Tangu mwaka juzi." "Basi njoo tuuzibe," Sista akasema, na kijiji kizima kikacheka, pamoja na yeye mwenye baiskeli.

Hapa mjini, mtaa wa Manundu, alikuwa na rafiki, fundi cherehani, ambaye kazi yake ilikuwa kushona kanzu na suruali. Fundi ndiye anayejua nani kaomba suruali ipanuliwe katikati wakati kiuno ni kilekile. Hakumtajia Sista jina la mteja hata siku moja, na Sista hakumuuliza. Ila alipokuwa akipima, fundi alisema tu, "Mzee, hii nitakushonea. Lakini ukipitia kwa Sista kwanza, nitakuja kuipunguza bure." Wangapi waliletwa na futi kamba ya yule fundi sijui, ila walikuwa wakifika wamevaa nguo mpya.

Imani za watu hakuzikejeli, alizipiga vita kwa vitendo. Wengi huku wanaamini busha linaletwa na madafu. Sista alikuwa akienda mkutanoni na dafu lake, analinywa mbele ya watu mpaka tone la mwisho, halafu anasema, "Nimekunywa haya tangu nina meno ya utoto. Mwenye kuliona busha langu anyooshe mkono." Kisha, wakiwa bado wanacheka, anaeleza habari za mbu, za minyoo wanaoachwa na mbu mwilini, za vidonge vya kumeza na vyandarua. Aliyeogopa kwamba upasuaji unamaliza uanaume alionyeshwa mzee mmoja aliyepona, akapata mapacha. Mzee huyo alikuwa anapenda sana kuonyeshwa.

Alijua pia kwamba mgonjwa wa aina hii haponi peke yake. Siku ya kuruhusiwa alimwita mke, akawakalisha wote wawili kwenye benchi.

"Asibebe mzigo mzito. Asipande baiskeli. Na lile jingine pia lisubiri mpaka tumwone tena kliniki."

"Lile jingine lipi, Sista?" mama mmoja aliuliza.

"Muulize mwenyewe mkiwa njiani."

Nilikuwa nasimama nyuma yao nikiuma midomo. Lakini huyohuyo Sista, aliyetaja kila kiungo cha mwanamume kwa jina lake mchana kweupe, hakuweza kukaa kwenye kitchen party. Akina mama wakianza tu kumfunda bibi harusi mambo ya chumbani, yeye alitoka nje kwenda kulinda masufuria. "Mambo gani hayo ya kusema mbele za watu!" alinung'unika, uso umemwiva. Nikamwambia, Sista, wewe? Akanitishia mwiko.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na hasira za karibu, na ubishi wa kukera. Mara moja utani ulimtumbukiza shimoni. Aliletwa bwana mmoja mwenye ugonjwa wa tezi dume, amewekewa mpira wa mkojo, na Sista, bila kusoma faili, akamwona mweusi mrefu, akadhani ni Mzigua. Akamporomoshea. Kumbe alikuwa ofisa aliyehamia kutoka mikoa ya mbali, si mtani wa mtu yeyote hapa. Bwana alitaka kuonana na uongozi wa hospitali. Sista alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba radhi kwa dhati, na kuanzia saa ile akamhudumia kwa heshima tupu. Mheshimiwa, naomba nikubadilishie mfuko. Mheshimiwa, umeamkaje. Siku ya nne ofisa aliniita pembeni. Akaniambia wenzake wote wanacheka, yeye peke yake anaitwa mheshimiwa, na upweke unamzidi. "Mwambie na mimi anitukane kidogo," akasema. Sista alifikiria, akaenda, akamtukana kwa adabu.

Kasoro moja sikuifahamu kwa muda mrefu. Kila ilipofika kufunga bandeji, alinipa mimi. "Funga wewe, mwanangu, ujifunze." Nikajifunza. Mwaka wa kwanza, wa pili. Mwaka wa tatu nikamwambia, "Sista, mimi bandeji nimeshahitimu." Akanifokea kwamba vijana wa siku hizi wanajiona, na nikaendelea kufunga.

Haya, baba mkwe. Siku moja Zaina alikuja wodini kuniletea chakula, akaanza kulia kwenye kibaraza. Baba yake alikuwa ameacha kwenda msikitini. Akiinama kurukuu anaumia, akisujudu anaumia, na akisalia kwenye kiti watu wanamtazama. Shambani pia haendi. Sista alitusikia. Aliniuliza swali moja tu, "Mzigua?" Nikasema ndiyo. "Basi ni wangu."

Jumapili hiyo, baada ya misa, alikwenda Mnyuzi na nguo zake za kanisani. Zaina alikuwepo, akanisimulia. Sista aliketi, akaomba maji, akasema ni machafu, akaitukana nyumba, akamtukana mbuzi. Mzee akamjibu tusi kwa tusi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akacheka. Kisha Sista akaacha utani.

"Mtani, njoo tukutibu."

"Wewe ukiniona sina neno," mzee akasema. "Wewe ni mtani. Hata nikifa, wewe ndiye wa kuja kuhangaika na maiti yangu. Lakini yule kijana, hapana. Akishaniona vile, nitakaaje naye? Nitamtuma nini? Nitamkanya nini? Nitakuwa nimekwisha."

"Hatakuona. Wiki ya kambi nitampeleka Handeni."

Ilikuwa kambi ya upasuaji, madaktari walikuja kutoka nje ya wilaya kwa wiki nzima. Sista alinipangia kazi ya kuzunguka vijiji vya Handeni kuwakusanya wagonjwa, nirudi Ijumaa. Mzee angepasuliwa Jumanne, angeruhusiwa Alhamisi. Mpango ulikuwa umenyooka, na nilikwenda Handeni moyo mweupe. Jumatano asubuhi dereva akaniambia gari linahitajika Korogwe haraka, tupakie wagonjwa tuliowapata turudi nao. Ningefanyaje? Tulifika saa nane mchana. Niliwakabidhi wagonjwa mapokezi, nikawa natafuta njia ya uani ya kutokea kabla sijaonekana.

Sista akanikuta hapo. Alikuwa anakimbia, na sikuwahi kumwona akikimbia.

"Wewe! Njoo."

"Sista, mimi nimetoka sasa hivi, naondoka..."

"Baba mkwe wako anavuja damu."

Ilikuwa hivi. Kwa wagonjwa wasiotakiwa kushuka kitandani, Sista aliweka kopo la mchanga safi wa kutayamamu, yaani kujitoharisha bila maji, baada ya kwenda mwenyewe kumuuliza shehe kama inafaa. Baba mkwe hakuuamini mchanga wa hospitali. Ilipoadhiniwa adhuhuri, alisubiri Sista ageuke, akashuka, akaenda bombani kutawadha, akainama kunawa miguu. Kidonda kikafunguka kwa ndani, kikaanza kuvimba na kuvuja. Madaktari wote walikuwa chumba cha upasuaji na mtu mezani, na wauguzi wengine wako nao. Daktari alikuwa ametuma neno: akandamizwe kwa nguvu dakika ishirini, afungwe bandeji ya kubana, yeye atakuja akimaliza.

"Kwa nini usimfunge wewe?" nikauliza, na hasira ikanipanda.

Akaninyooshea mikono. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo, viwili havikunji kabisa. "Baridi yabisi," akasema. "Miaka mitatu nakudanganya eti ujifunze. Nimemfunga mara mbili, inalegea." Yeye, aliyekuwa akiwafokea wanaume kwa kuficha maradhi! Lakini hapakuwa na muda wa kumsema, na uso wake ulikuwa umejaa aibu kiasi kwamba nilimwonea huruma.

Niliogopa. Niliogopa damu ile, na niliogopa zaidi kwamba mzee akiniona atashuka aondoke hivyo hivyo akafie njiani. Sista alinivisha kofia ya upasuaji mpaka kwenye nyusi, barakoa mpaka chini ya macho, na gauni la kijani. Akanimiminia maji ya moto mikononi. Kisha akaingia kwanza nyuma ya pazia, na mimi nikasimama nje nikisikia.

"Mtani, nimepata mtu. Muuguzi mgeni, ameshuka na gari la Handeni sasa hivi. Ana mikono yenye nguvu."

Mzee akauliza, "Wa Handeni?"

"Wa Handeni. Hutamjua."

"Ana maneno mengi?"

"Bubu kabisa."

Halafu nikasikia shuka likivutwa.

"Mwambie aingie," baba mkwe akasema. "Mwambie mimi nimelala."

Nilipoingia alikuwa amejifunika uso wote kwa shuka, amelishikilia kwa mikono miwili chini ya kidevu. Nikaweka shashi, nikakandamiza, nikatazama saa ya ukutani. Dakika ishirini ni nyingi. Sista hakuacha kusema hata kidogo. Aliwatukana Wazigua, kizazi kwa kizazi, na kutoka ndani ya shuka mzee akawa anamjibu kuhusu Wanyamwezi na mizigo yao ya kichwani.

"Huyu mgeni wako anatetemeka," mzee akasema ghafla.

"Ni vumbi la njiani, mtani. Limemwingia mifupani."

"Mwambie asiogope. Hajaniumiza."

Damu ikakoma. Nikafunga bandeji kama nilivyofunga mamia kabla yake, nikapima mapigo na presha, nikatoka bila neno. Daktari alipokuja jioni alisema imefungwa vizuri, aliyefunga nani? "Mgeni," Sista akajibu. Mimi nilikaa uani nyuma ya jiko la hospitali.

Mzee alipona. Mwezi wa pili tangu apasuliwe nilikwenda Mnyuzi kumjulia hali, nikamwamkia macho chini.

"Handeni kulikuwaje, mkwe wangu?" akauliza.

"Salama, baba."

"Mvua zipo?"

"Kidogo, baba."

Yakaisha hapo. Alikuwa akinituma na kunikanya kama zamani, tena zaidi, na Ijumaa alirudi safu yake ya mbele msikitini.

Sista alistaafu baada ya hapo, safari hii akiwa amekubali vidole vyake vitibiwe. Anakaa Manundu, anafuga bata, anafundisha kwaya ya watoto. Mwezi uliopita baba mkwe aliniambia anataka kwenda kumsalimia mtani wake, nimsindikize. Tukaenda na kikapu cha machungwa. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, mbali kidogo na mzee kama inavyotakiwa.

"Machungwa haya umeyaokota relini?" Sista akamwuliza.

"Nimeyaiba kwako, Mnyamwezi, ila wewe shamba huna."

Walitukanana mpaka chai ikapoa. Tulipokaribia kuaga, mzee akaweka kikombe chini, akajikohoza.

"Mtani, liko jambo limenikaa rohoni. Yule muuguzi mgeni, yule wa Handeni. Bado yupo?"

Sista hakunitupia hata jicho. "Yupo. Siku hizi ndiye mkuu wa ile wodi."

"Sikumshukuru. Nilikuwa nimelala."

"Ulilala, mtani. Ulikoroma."

"Basi ukimwona mwambie nimekwenda msikitini kwa miguu yangu kwa sababu yake. Mwambie ana mikono ya heri. Na mwambie hivi: ningekuwa na binti mwingine, ningempa yeye."

"Na yule uliyenaye, ulimpa nani?"

Mzee akanionyesha kwa kidevu, bila kunitazama. "Nilimpa huyu," akasema. "Naye si mbaya."

Sista aliangua kicheko, akapiga mapaja yake. Mimi niliendelea kutazama sakafu, kama heshima ya mkwe inavyotaka, na siku hiyo niliishukuru sana hiyo heshima, maana nilikuwa nalia.